Mwalimu Fanicha

Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili la ofisini na kwenye cheti cha ndoa, na sidhani kama kuna aliyelikumbuka zaidi ya mkewe. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Fanicha. Jina hilo alilipata kwa sababu ya somo moja alilowafundisha watoto wa darasa la tano kila mwaka kwa miaka ishirini na sita, somo la neno la Kiingereza "furniture", na alilifundisha kwa hasira utadhani neno lenyewe limetukanwa mbele yake. Mtu mzima na ndevu zake, fundi wa magari mwenye watoto watatu, alikuwa akimwona njiani anapaza sauti kwa makusudi: "Mwalimu, shikamoo, nauza furnitures!" Naye anasimama hapo hapo, anamjibu kwamba marahaba, lakini hilo neno halina s, na kama hakuelewa akiwa na miaka kumi na moja basi arudi darasani, dawati lake bado lipo.

Watu walidhani mtu mwenye ulimi kama ule haogopi kitu. Wee! Mimi nakwambia hapakuwa na mwoga kama yeye katika mtaa ule. Kwa miaka minne aliamka na hofu, akapiga mswaki na hofu, akaenda nayo kazini na kurudi nayo nyumbani, na hakumwambia mtu.

Macho yalikuwa yanamwisha. Yalianza pembeni, taratibu, kama mtu anayefunga milango ya nyumba mmoja mmoja. Kwanza aliangusha kikombe kilichokuwa mkono wa kushoto, akacheka, akasema uzee unabisha hodi. Halafu watoto wakawa wanamtokea ghafla kutoka upande kama wameota ardhini. Halafu akawa anaona kwa katikati tu, mfano wa mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe kila mwezi likazidi kuwa jembamba. Mwaka wa nne hata hapo katikati palikuwa na ukungu. Akishika kitabu, aliona weupe wa karatasi na wingu la kijivu mahali penye maandishi. Herufi zilikwisha kwenda zake.

Mkewe alijua nusu. Huyo mkewe, Mama Pacha, alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na sindano mdomoni, na miaka minne nyuma ndiye aliyemwambia aende akapime macho. Mwalimu akavaa shati safi, akaenda. Alifika mpaka kwenye geti la hospitali. Pale getini akamwona mzazi wa mwanafunzi wake amekaa kwenye foleni ya macho, na mzazi akamwona yeye, akainua mkono kumsalimia. Roho ikamruka. Akawaza: kesho shule nzima itajua, keshokutwa mwalimu mkuu, wiki ijayo barua. Mwalimu asiyeona anafundisha nini? Akageuka kama aliyesahau kitu, akazunguka sokoni mpaka saa sita, akarudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba daktari amesema ni umri tu, na miwani imeagizwa.

Uongo ule aliulea kama mtoto. Ulikula, ukanywa, ukakua.

Akajifunza njia zake. Kutoka mlangoni mwa darasa mpaka mezani ni hatua nne. Kutoka mezani mpaka ubaoni ni mbili. Madawati yalikaa mistari mitatu, na njia kati ya mstari na mstari ilikuwa hatua kumi na moja kwenda mpaka ukutani. Kwenye fremu ya ubao alikata alama ndogo kwa wembe, moja chini ya nyingine, ili kidole cha mkono wa kushoto kimwonyeshe mstari unapoanza wakati mkono wa kulia unaandika. Akaweka sheria darasani: ukitaka kujibu, simama, taja jina lako, ndipo ujibu, hiyo ndiyo adabu. Walimu wenzake wakaisifu sheria hiyo, wengine wakaiiga. Hawakujua kwamba bila yale majina asingemtambua hata mtoto aliyesimama mbele ya pua yake.

Na madaftari? Hayo ndiyo yaliyokuwa mzigo. Kila alasiri alirudi nayo nyumbani kwenye kikapu, Mama Pacha akasukuma kando kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani, akachukua kalamu nyekundu. Kiingereza hakukijua, aliishia darasa la saba akaingia kwenye ushonaji. Kwa hiyo alisoma herufi moja moja: ef, yu, ar, eni, ai. Mume akiwa amefumba macho aliziunga kichwani, akasema pata au kosa, mke akatia alama. Kila neno jipya aliuliza, "Maana yake?" naye akamwambia hapo hapo, hakushindwa hata mara moja. Kazi hiyo ikamfanya Mama Pacha kuwa mkali kuliko mwalimu mwenyewe. Siku nyingine alikuwa hasomi kabisa, anachora mkasi mwekundu na kusema huyu kaweka s kwenye fanicha, huyu nimemkata.

Miwani nayo aliiulizia. Siku moja alisema, bila kuinua kichwa, kwamba miwani inayochukua miaka minne labda inachongwa mwezini. Mwalimu akacheka kwa nguvu mno.

Sasa, Jumatatu moja mwalimu mkuu aliwakusanya walimu ofisini. Alikuwa mama mnene mwenye huruma na haraka ya kila kitu, na alisema mkaguzi atakuja Alhamisi kuangalia Kiingereza cha darasa la tano. Wenzake wakamgeukia Mwalimu Fanicha, wakampiga mabegani, wakamwambia safari hii mkaguzi amepata kiboko yake. Yeye akatabasamu. Jasho jembamba lilikuwa linamteremka mgongoni mpaka kiunoni. Mkaguzi anakuja na karatasi. Mkaguzi anatoa karatasi, anakupa, unasoma. Mkaguzi anasema fungua ukurasa fulani. Miaka miwili tu ilibaki astaafu kwa heshima zake, na pacha wote wawili walikuwa bado chuoni. Usiku ule na uliofuata hakulala sawasawa. Mama Pacha akamwambia, nenda kwa mwalimu mkuu, mwambie macho yanakusumbua. Akamjibu kwamba ataangalia. Neno baya la kujibia, maana kuangalia ndicho kitu pekee ambacho hakukiweza.

Akaamua kufundisha "furniture". Somo lile angeweza kulifundisha akiwa amelala. Lilikuwa na mwendo wake, kama ngoma: anagonga meza, anagonga kiti, anakwenda kulia hatua tatu anagonga kabati, anarudi anagonga benchi, na kila akigonga watoto wanataja. Jumatano, watoto walipokwisha kutoka, alibaki peke yake darasani akajipima. Meza, kiti, kabati, benchi. Meza, kiti, kabati, benchi. Alilipitia mara saba, mkono haukukosa hata mara moja. Akarudi nyumbani akala vizuri kwa mara ya kwanza wiki ile.

Ngoja nikuambie alichofanya mwalimu mkuu. Yule mama alimpenda Mwalimu Fanicha, na alitaka ang'ae mbele ya mgeni. Alikuwa amehudhuria semina, wakamwambia siku hizi watoto hawakai mistari, wanakaa makundi, uso kwa uso. Basi Alhamisi asubuhi na mapema, kabla mwalimu hajafika, aliwachukua watoto wa darasa la tano wakayazungusha madawati yote. Kabati likasogezwa karibu na mlango ili ramani ionekane. Meza ya mwalimu ikapelekwa kona, ikatandikwa kitambaa na kuwekwa chupa ya maua. Benchi likaachwa katikati. Darasa likapendeza. Mama wa watu akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akafurahi.

Mwalimu akaingia na mkaguzi nyuma yake. Hatua ya kwanza, ya pili, na kabla ya ya tatu goti lake likagonga kona ya mbao. Akasimama. Akanyoosha mkono palipokuwa na meza, akashika hewa. Akausogeza kidogo kushoto, hewa. Masikio yakajaa mvumo, akasikia kwa mbali darasa zima linamwamkia. Alijua chumba kile kuliko alivyojua mwili wake, na sasa alikuwa amesimama ndani yake kama mgeni aliyeshushwa na gari mji asioujua. Viti vilisukumwa nyuma, mtu mzima akakaa. Mkaguzi alikuwa mahali fulani humo. Wapi, hakujua.

Ubao ulikuwa haujahamishwa, maana umepigiliwa ukutani. Aliusogelea kwa kuburuta mguu, akaikuta fremu, akazipata alama zake za wembe. Akaandika neno lile kubwa, akageuka, akafanya alichobakiwa nacho, akafundisha.

Aliuliza maana yake nini. Mtoto mmoja alisimama, akataja jina lake, akasema ni viti, meza, vitanda, makabati, vyote kwa pamoja. Mwalimu akasema vizuri, kwa pamoja, hapo ndipo siri ilipo. Neno hili halitaji kitu kimoja, linataja lundo zima. Akawaambia wafikirie sukari. Mtu haendi dukani akasema nipe sukari tatu, muuzaji atamtazama usoni aone kama ana homa. Atasema nipe kilo tatu. Basi Kiingereza nacho kimeichukua fanicha kikaifanya kama sukari. Huwezi kusema "a furniture", huwezi kuongeza s, na hata kama nyumba imejaa mpaka dirishani, utasema "the furniture is", hutasema "are". Ukitaka kuhesabu, hesabu vipande: "a piece of furniture". Sauti ilikuwa imemrudia. Watoto waliitikia, kalamu zilikwaruza, na kwa dakika chache alisahau kuogopa. Mwili ukachukua mwendo wake wa miaka yote, hatua tatu kulia, mkono juu kuligonga kabati.

Kabati halikuwepo. Benchi lilikuwepo.

Alianguka kifudifudi, kishindo, na madaftari ya dawati la jirani yakamwagika juu yake. Halafu kimya. Hakuna aliyecheka. Kama watoto wangecheka angejua la kufanya, lakini kimya kile kilimtisha kuliko maumivu ya goti, maana alisikia ndani yake watu wazima wakifikiri. Akalala pale sakafuni kwa muda wa pumzi tatu. Akawaza kwamba imekwisha. Kisha ule ulimi wake, ambao siku zote ulikuwa jasiri kuliko yeye, ukasema wenyewe kutoka chini:

"Nimeangushwa na nini?"

Kisha sauti ndogo, ikisahau hata kutaja jina, ikajibu, "A piece of furniture, sir."

"Na kama ni mabenchi mawili?"

"Two pieces of furniture."

"S imekaa wapi?"

"Kwenye pieces!" darasa zima likajibu, na hapo kicheko kikapasuka mpaka madirisha yakatikisika. Mwalimu mkuu, aliyekuwa bado mlangoni, alicheka huku akifuta machozi. Mwalimu Fanicha akainuka, akajipangusa vumbi, akaegemea ubao mpaka kengele ilipolia. Nimepona, akajiambia, nimepona, nimepona.

Ofisini mkaguzi aliomba waachwe wawili. Alikuwa na sauti ya taratibu, ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Alilisifu somo, akasema amekagua kwa miaka mingi na hajaona mwalimu anayeanguka akaamka na mfano. Kisha mwalimu akasikia sanduku la mkononi likifunguliwa, na karatasi ikawekwa mbele yake.

"Hayo ndiyo maoni yangu," mkaguzi akasema. "Yasome kwanza, kisha utie sahihi chini."

Hili alikuwa amejiandaa nalo. Alichukua karatasi, akaishika kwa umbali unaofaa, akawa anasogeza kichwa kutoka kushoto kwenda kulia, akishuka kidogo kidogo, akihesabu kimoyomoyo mpaka sitini. Alipofika sitini akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Angenyamaza hapo, labda. Lakini mwongo mwenye hofu hanyamazi.

"Naafiki," akasema. "Hasa hapo ulipoandika juu ya ushiriki wa wanafunzi. Umeniona vizuri."

Akatia sahihi. Mkaguzi akalifunga sanduku lake polepole.

"Mwalimu," alisema, kwa upole wa kuumiza, "karatasi hiyo ni nyeupe. Sijaandika neno."

Damu ikamwisha mwilini. Aliishikilia meza kwa mikono miwili, na kitu cha kwanza kilichomtoka ni ombi: asimwandike, amebakiza miaka miwili, ana watoto chuoni. Alisema maneno yale yale mara tatu. Mkaguzi akamwacha mpaka akaishiwa. Ndipo akasema kwamba aliona tangu mlangoni, alipomwona akitafuta meza hewani, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa akitafuta sufuria namna ile ile. Akamuuliza yameanza lini. Mwalimu akasema miaka minne. Mkaguzi akavuta pumzi kwa nguvu.

"Nitaandika yote mawili, somo zuri na macho mabaya. Walimu wa namna yako wapo, mmoja yuko shule ya pili tu kutoka hapa. Anapewa mtu wa kumsomea, anafundisha mpaka siku yake ya kustaafu. Nani alikuambia utafukuzwa?"

Hakuna aliyemwambia. Katika miaka yote ile hakuwa amemuuliza mtu.

Jumatatu iliyofuata alikwenda hospitali, mkewe amemshika mkono. Alipita getini akiwa amekaza meno. Daktari alikuwa kijana wa kike, mwepesi wa mikono, akamwekea kidevu kwenye chuma cha baridi, akamulika, akapima, akamulika tena. Akauliza kama ni mara ya kwanza kufika pale.

"Ya pili," Mama Pacha akajibu haraka. "Alikuja miaka minne iliyopita, mkamwandikia miwani."

Chumba kilikuwa kidogo. Mwalimu alisikia kalamu ya daktari imesimama juu ya karatasi, ikisubiri. Angeweza kunyamaza, faili za zamani hupotea, na hofu ilimsukuma anyamaze, ilimsukuma kwa mikono yake yote miwili.

"Ya kwanza," akasema.

Mama Pacha hakusema kitu. Daktari akaandika. Akaeleza kwamba hii ni presha ya macho, haiumi, ndiyo maana watu huipuuza. Kilichokwenda hakirudi, lakini ikiwahiwa, matone ya dawa tu asubuhi na jioni huzuia kilichobaki. Jicho la kulia tusilitegemee tena, akasema. La kushoto tutalilinda hapo lilipofika. Miaka minne iliyopita tungekuwa tunazungumza mengine. Akawapa kadi na kichupa kidogo, kichupa chenyewe hakikuzidi kidole gumba.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakikumuumbua kifo. Aliumbuliwa na mkewe kukaa kimya.

Wakakaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Mwalimu akamwomba amsomee kadi. Mama Pacha akaisoma, sauti kavu, kama anavyosoma daftari: bi, el, ai, eni, di. Mume alilijua neno kabla hajafika mwisho, akamwacha amalizie. Eni, ii, esi, esi. Kisha, kwa mazoea ya kila alasiri, akauliza:

"Maana yake?"

Kwa mara ya kwanza mwalimu alichelewa kujibu.

"Upofu," akasema. "Nalo halihesabiki, mama watoto. Ni kama lile lingine."

Mama Pacha akaikunja kadi mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akamwinua. Wakatembea kimya, kokoto zikilia chini ya viatu, mpaka aliposikia sauti za wauza matunda na mlinzi akiongea na redio yake. Hapo mke akasimama.

"Siku ile ulifika wapi?"

"Hapa."

"Hapa getini."

"Hapa getini."

Akamwachia mkono. Mwalimu Fanicha alisimama peke yake, jua usoni, watu wakimpita kulia na kushoto bila yeye kujua wanatoka wapi, na gari likapiga honi karibu sana. Hakujua ukuta uko wapi. Hakujua barabara iko wapi. Hakujua kama mkewe bado yupo, na hakuthubutu kumwita. Hakuwa amewahi kuogopa namna ile, wala ofisini mbele ya karatasi nyeupe, wala usiku wowote wa ile miaka minne. Alisikia mtu akipenga kamasi mbele yake kidogo. Kisha muda ukapita, mrefu.

Mkono ukarudi, ukamshika juu ya kiwiko, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Hatua sita mpaka barabarani," alisema Mama Pacha. "Hesabu."